Huu Siuzi, ni wa Mama

Pale Karatu, ukishaipita stendi na kabla barabara haijaanza kupanda kuelekea geti la Ngorongoro, kuna mstari wa vibanda vya bati ambavyo watalii huviona wakiwa bado wana fedha na hamu. Vibanda vyote vinauza vitu vile vile: vinyago, picha za kuchora, mikoba ya vitenge, kahawa ya pakiti, bangili. Lakini kwa miaka mingi kulikuwa na kimoja ambacho madereva walipenda kusimama zaidi, na si kwa sababu ya kamisheni peke yake. Walisimama ili wamsikie Sinyati akifanya kazi.

Sinyati ni mama wa Kimaasai, mrefu, mkavu wa mwili, mwenye sauti ya taratibu kama mtu anayebembeleza ndama anywe. Alizaliwa huko juu Nainokanoka, akaolewa huko huko, na mumewe alipofariki alishuka Karatu na binti yake Lilian mgongoni. Kiingereza alikiokoteza barabarani. Ukimkuta anaongea na fundi pikipiki kimemkauka. Ukimweka mbele ya mzungu mwenye kofia, kinamtoka kama maji.

Kazi yake aliifanya hivi. Mtalii akiingia, hamharakishi. Anamwacha apapase vya juu ya meza mpaka achoke, mpaka aanze kutazama gari lake. Hapo ndipo Sinyati anapoinama, anafungua sanduku la bati chini ya meza, anatoa kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa chekundu. Anaanza kukifungua, halafu anasita, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mgeni ameshaona shanga. Anauliza, na hicho? Sinyati anafunika tena. Anatazama chini kidogo, kisha anasema polepole, "Huu siuzi. Ni wa mama yangu."

Basi, kazi imekwisha. Kuanzia hapo ni mtalii anayebembeleza.

Mikufu hiyo ya mama aliitunga Sinyati mwenyewe, usiku kwa usiku, kwa shanga za dukani. Ikishakamilika aliilaza kwenye chai ya rangi iliyokolea, akaipaka mafuta ya kondoo, akaitundika juu ya moto wa kuni mpaka ikanuka moshi wa maboma. Msimhukumu haraka, jamani. Mtalii alipata mkufu mzuri na hadithi ya kupeleka kwao, na Lilian alipata ada ya shule mpaka akawa mwalimu wa chekechea. Nani aliumia hapo? Hivyo ndivyo Sinyati alivyojiuliza, na kila alipojiuliza hakumwona wa kuumia.

Aliyemsaidia kuchemsha hiyo chai alikuwa jirani yake wa kibanda, Benedicta, Mchagga wa Rombo, mnene, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Watu walimwita Mama Edgar. Sinyati peke yake hakumwita hivyo. Mwaka ambao nyumba ya kupanga ya Benedicta iliungua na vyote vilivyomo, Sinyati alipanda kwa kaka zake Nainokanoka akarudi na kondoo jike, akamkabidhi kamba. Na kwa Wamaasai, mtu akikupa mnyama kwa moyo wake, majina yenu ya kuzaliwa yanakaa pembeni. Mnaitana kwa jina la yule mnyama, mtoaji na mpokeaji, mpaka kufa. Kondoo huleta jina la Pakerr. Benedicta alilipokea jina hilo kama cheo. Alilitumia sokoni, alilitumia kanisani, alilitumia kwenye simu kwa sauti ya juu ili wenzake wasikie kwamba yeye Mchagga ana Pakerr wake. Kondoo mwenyewe alikufa zamani kwa ugonjwa wa mapafu. Jina likabaki.

Sasa, katikati ya mikufu hiyo yote ya uongo, ulikuwepo mmoja wa kweli.

Mama mzazi wa Sinyati aliutunga mwaka wa ukame mkubwa, ng'ombe walipoisha na mikono yake ikakosa cha kukamua. Ni mpana kama sahani ya pilau, shanga zake ndogo kuliko za siku hizi, zimeshonwa juu ya ngozi. Upande wa kushoto kuna mstari unaoanza mwekundu na kuishia kijani, kwa sababu shanga nyekundu zilimwishia na duka lilikuwa mbali. Sinyati aliuvaa siku alipotolewa nyumbani kwa mama yake kwenda kuolewa. Dada zake mama wote wanaujua. Wakifumba macho wanaweza kukuonyesha kijani kinapoanzia.

Lilian alikua akivionea aibu vitu hivyo. Akiwa shule alipita mbele ya vibanda akiwa ameangalia upande wa pili, ili wenzake wasijue kwamba yule mwenye rubega ni mama yake. Sinyati aliona hayo. Kwa hiyo siku Lilian alipokuja akaketi nyuma ya kibanda, akasema yeye na Tobiko wa Endulen wamekubaliana, na kwamba anataka atolewe kimila kule Nainokanoka kwa wajomba zake, Sinyati alijifanya anatafuta sindano iliyodondoka.

"Mama," Lilian akasema, "ule mkufu wa bibi. Ule wa kweli. Bado upo?"

"Upo."

"Basi nitauvaa huo."

Tangu siku hiyo Sinyati hakuwa na jambo jingine moyoni. Nyuzi za mkufu zilikuwa zimeoza na ngozi imepasuka, na sherehe ilipangwa mwezi wa kumi na mbili. Aliuleta kibandani, na saa ambazo hakuna magari aliuketisha mapajani akabadilisha uzi kidogo kidogo, akalainisha ngozi kwa mafuta. Benedicta alisogea siku moja na kikombe chake cha uji, akaushika, akaunusa, akatikisa kichwa kwa kusifu. "Huu umekubali chai kweli kweli, Pakerr," akasema.

Sinyati alitabasamu tu. Ilikuwa ni pale pale pa kumwambia. Lakini angeanzaje? Mikufu yote ile ya mama, sufuria zote zile za chai, halafu leo aseme, huu sasa ndio wa mama? Aliona haya. Akaendelea kupitisha sindano.

Kikoba chao cha akina mama kilikuwa kimeweka akiba kwa ajili ya safari ya Zanzibar. Wote hao maisha yao yote wamewauzia watu walio likizo, na wao hawajui likizo inafananaje. Mwenyekiti wao, Scholastika, ndiye aliyesema safari hii na sisi tutoke tukanunue. Wakashona sare za kitenge cha njano. Benedicta alikuwa amechanga kama wenzake, ila wiki ya mwisho mguu wake ulivimba na daktari akamkataza kukaa kwenye basi. Hakulalamika. Alisema atashika vibanda vyote viwili, chake na cha Pakerr, na kwamba anataka zawadi moja tu.

"Niletee kitu cha kisiwani chenyewe," akasema. "Si hivi vinavyozunguka, leo viko Arusha kesho viko Unguja. Kitu ambacho mtu wa kule anakitumia kwake."

Asubuhi ya kuondoka, basi dogo la Kosta lilikuwa limesimama mbele ya vibanda na akina mama walishaanza kuimba. Mkufu Sinyati hakuuacha nyumbani. Chumba chake cha kupanga kiliwahi kuvunjwa. Aliufunga ndani ya kitambaa chekundu, akauweka kwenye sanduku la bati, akafunga kufuli, akampa Benedicta ufunguo. Dereva akapiga honi. Scholastika akamwita jina. Sinyati akamshika Benedicta mkono, akamwambia haraka haraka, "Ule uliomo kwenye kitambaa siuzi, Pakerr. Ni wa mama yangu."

Benedicta akatazama chini kidogo, akashusha sauti, akaigiza sauti ya Sinyati ile ile ya kubembeleza ndama: siuzi, ni wa mama yangu. Akina mama waliokuwa dirishani wakaangua kicheko. Na Sinyati naye, kwa sababu wote walicheka na kwa sababu alikuwa anaenda Zanzibar, akacheka. Akapanda gari.

Kile kicheko ndicho alichokuja kukikumbuka kuliko bahari.

Bahari yenyewe waliiona, wakaitapikia wakiwa kwenye boti, wakaisamehe walipofika. Lakini tangu siku ya kwanza Sinyati alikuwa na kazi moja, nayo ni zawadi ya Pakerr. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe maduka yalikuwa yamejaa hadi mlangoni, na wenzake walikimbia huku na huku wakishika na kuacha. Yeye alipita taratibu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Vinyago hivi ni vya Arusha. Picha za twiga hizi, anayezichora anaishi Mto wa Mbu, na hata kumfahamu anamfahamu. Bangili hizi ni za jumla, fundo lake ni la kiwandani. Kijana mmoja wa Kimaasai alijitokeza kumuuzia mkufu, akaanza hadithi ya bibi yake; Sinyati akamjibu kwa Kimaa, akamuuliza bibi huyo ni wa ukoo gani, na kijana akacheka mpaka akaketi chini. Wakaulizana habari za mvua na nyasi za huko nyumbani. Alipomuuliza kitu cha kisiwani chenyewe kinapatikana wapi, kijana akasema, mama, hapa kila mtu anauza vya kwetu.

Darajani alinunua iliki, mdalasini na kungumanga, akanunua halua ya Lilian. Alinunua udi kwa ajili ya Scholastika aliyekuwa anaona aibu kuulizia. Bado hakuwa amenunua zawadi ya Pakerr. Viungo ni vizuri, lakini unavila vinakwisha, na Benedicta alikosa safari nzima.

Siku ya mwisho kikundi kilipelekwa kijiji kimoja huko kusini ya Unguja, kunywa madafu na kuona akina mama wanaosuka ukili. Ndipo Sinyati alipoliona. Bi Mize, mama mtu mzima mwenye mtandio mweusi, alikuwa ameketi kwenye baraza la nyumba yake, na pembeni yake kulikuwa na kawa jipya, lile kofia la ukili wanalofunikia chakula watu wa pwani, limesukwa kwa rangi ya zambarau na kijani, mistari yake inazunguka kutoka kilele hadi ukingoni bila kukosea hata mahali pamoja. Sinyati ni mtu wa mkono. Akiona kazi ya mkono anaijua. Na papo hapo alimwona Benedicta kibandani, na sahani yake ya ndizi iliyofunikwa kwa sahani nyingine iliyomeguka ukingo, vumbi la magari likiingia hivyo hivyo.

Akasalimia, akaketi, akasifu. Akauliza bei.

"Hili siliuzi, mwanangu," Bi Mize akasema. "Nimemsukia binti yangu aliyeko Pemba. Yale kule ya mlangoni ndiyo ya kuuza."

Ya mlangoni yalikuwa mazuri pia, ila si kama hili. Sinyati akamtazama yule mama alivyoshusha macho, alivyoivuta kazi yake karibu na goti, na moyo wake ukachangamka. Amekutana na fundi mwenzake. Ndugu zangu, alifurahi kweli. Alijisemea, huyu mama anaijua kazi, hata mimi sijawahi kuisema vizuri namna hii. Akaanza kubembeleza. Akapandisha. Bi Mize akatikisa kichwa. Akapandisha tena, akaongeza na shanga alizokuwa amevaa mkononi. Mkwe wa Bi Mize, aliyekuwa akipita na ndoo, akasimama akasema, "Mpe, mama, utasuka jengine." Yule mama mtu mzima alilisogeza kawa kwa mkono mmoja, kama mtu anayesogeza sahani aliyoshiba, akainuka, akaingia ndani. Fedha alipokea mkwe.

Wakati gari linaondoka Sinyati alichungulia dirishani ili ampungie mkono. Baraza lilikuwa tupu. Akawaambia wenzake yule mama ni kiboko. Akalipakata kawa mapajani kutoka Unguja hadi Karatu, hakukubali lirundikwe na mizigo.

Walifika mchana. Benedicta alikuwa amewapikia makange ya kuku na ndizi, uvimbe wa mguu wake umepungua, amevaa ile sare ya njano ambayo hakusafiri nayo. Alimkumbatia Sinyati kabla hata hajashusha mfuko, na kabla hajaulizwa lolote akaanza kusimulia kwa furaha. Biashara ilikuwa mbovu, magari yalipita tu. Halafu juzi Wilson, dereva anayewaletea watalii siku zote, akaleta bibi na babu wa Kizungu. Wakapapasa, wakachoka, wakaanza kutazama gari. Benedicta akajiambia, leo ni leo. Akainama. Akafungua sanduku. Akatoa kitambaa, akasita vile vile, akafunika vile vile. "Nikasema, huu siuzi, si wangu, ni wa mama yake mwenzangu. Yule bibi alilia, Pakerr. Machozi kabisa. Walitoa ambacho hujawahi kupewa tangu uanze kazi hii." Na akamwekea bahasha mkononi, nene, imefungwa kwa mpira.

Sinyati aliishika. Akauliza ni mkufu upi, ingawa alishajua.

"Ule wa kwenye kitambaa. Ulioniachia siku unaondoka."

"Nilikwambia siuzi."

Benedicta alikuwa bado ana tabasamu. Liliondoka polepole, kwanza machoni. "Si ndivyo unavyosema siku zote, Pakerr?"

 Sinyati aliiweka bahasha juu ya meza. Alimwona Bi Mize akiinuka kwenye baraza na kuingia ndani, na safari hii hakuona ufundi wowote katika ule mgongo.

Alimpigia Wilson. Wilson alikuwa ameshawashusha wageni wake kwenye kiwanja cha ndege cha Manyara, na sasa wameshavuka kwenda kwao. Alisikitika kwa dhati, akaahidi kuomba ofisini kwao wawaandikie. Ofisi ilimjibu kwamba mteja hasumbuliwi kwa kitu alichonunua kwa ridhaa yake. Wilson alidhani atamfariji akimweleza yaliyosemwa garini. Yule bibi aliuvaa mkufu njia nzima, akawa anaupapasa mahali pale kijani kinapoanzia. "Walisema, mama, katika Tanzania nzima hicho ndicho kitu pekee cha kweli walichonunua."

Lilian hakulia. Sinyati aliomba angalau alie, wapate pa kuanzia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja vizuri karatasi ya halua aliyoletewa.

"Bibi umemuuza miaka yote, Mama," akasema. "Safari hii wamemchukua."

Akaondoka akaenda kusahihisha madaftari ya watoto.

Zilizobaki zilikuwa wiki chache. Sinyati alifunga kibanda, akajifungia chumbani, akatunga. Alitafuta shanga ndogo kadiri alivyoweza, akazishona juu ya ngozi, na upande wa kushoto, mstari ulipofika katikati, akaacha nyekundu akashika kijani, ijapokuwa nyekundu alikuwa nazo kopo zima. Ulipokamilika uling'aa kama kitu cha juzi, na ulikuwa wa juzi. Akauangalia siku nzima. Kisha akainuka, akabandika sufuria, akatia majani ya chai.

Kwa watalii kazi hii waliifanya wawili, wakipiga soga na kucheka. Huu aliuchovya peke yake.

Nainokanoka ilikuwa baridi na ukungu siku ya sherehe, moshi umelala chini ya mapaa. Shangazi na mama wadogo walijaa ndani wakimpaka Lilian mafuta. Mama mdogo, aliye mkubwa kuliko wote waliobaki na macho yake yameshaingia ukungu, aliuomba mkufu. Akaupitisha vidoleni. Akafika kwenye mstari wa kushoto, akatafuta, akakuta kijani. Akauweka puani akanusa kwa muda mrefu. Sinyati alisimama mlangoni na kibuyu mkononi.

"Dada yangu alikuwa na mkono," yule mama akasema, na machozi yakamtoka. Akamvisha Lilian.

Lilian alimtazama mama yake juu ya kichwa cha yule bibi.  Hapo ndipo Sinyati alipoelewa kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaomba mzee agundue. Angepigiwa kelele, angeaibishwa mbele ya ukoo mzima, na jambo lingekuwa limesemwa. Sasa halitasemwa tena.

Alipotolewa nje, Lilian alitembea polepole kama inavyotakiwa, nyasi zimefungwa kwenye viatu vyake, shanga zikilia kila hatua. Bibi harusi wa Kimaasai hageuki nyuma. Sinyati naye siku yake hakugeuka, lakini anakumbuka jinsi shingo ilivyomuuma kwa kutamani kugeuka. Aliikazia macho shingo ya binti yake mpaka kwenye miti. Shingo ile haikuwa na tabu yoyote.

Wageni walikuwa bado wanakula nyama Benedicta alipofika. Alikuwa amepanda gari la mizigo kutoka Karatu, amejifunga shuka juu ya gauni lake la kanisani, anachechemea, na mkononi ana kamba. Kwenye kamba kulikuwa na kondoo jike, mweupe, mnono, wa kuchaguliwa. Ile bahasha Sinyati alikuwa amekataa kuichukua. Aliiacha mezani kwa Benedicta siku ile ile. Benedicta alikaa nayo, akalala nayo, akaomba Mungu juu yake, mwishowe akaenda nayo mnadani. Wanawake wa boma walipiga vigelegele. Wakasema huyu Mchagga ana heshima.

Naam, na heshima alikuwa nayo. Ila hakuna aliyewahi kumwambia jambo moja. Aliyekupa mnyama wa jina humrudishii mnyama wa namna ile ile. Unaweza kutoa mbuzi, unaweza kutoa ndama, ukatoa asali, sukari, mtoto wako akapewa jina la mwenzako. Yote hayo yanaongeza. Ukileta kondoo kwa kondoo, umelipa. Umesema kwamba lilikuwa deni, na sasa limekwisha, na kila mtu akae kwake. Wale wanawake walipiga vigelegele kwa sababu hawakujua kondoo wa kwanza. Aliyejua alikuwa mmoja.

Ingekuwa rahisi kumweleza. Amrudishe kondoo garini, amwambie, kauze huyu ulete mbuzi, mjinga wewe, na pengine wangecheka, pengine kicheko cha Benedicta kingesikika hadi kreta. Sinyati aliyafikiria hayo yote, amesimama. Aliona jinsi alivyochagua mnyama mzuri kuliko uwezo wa mtu wa mjini kuchagua. Alimhurumia. Lakini mbele ya macho yake kulikuwa na ile shingo isiyogeuka, na huruma haikupata njia ya kupita.

Akapokea kamba.

"Asante, Mama Edgar," akasema.

Benedicta alibaki ametabasamu kidogo, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Kisha akaelewa, si mila, bali sauti. Akasema, "Haya." Akaulizia mahali pa kunawa mikono.

Siku hizi vibanda vyao bado viko ubavu kwa ubavu. Wanasalimiana vizuri, wanachungiana meza mmoja akienda chooni, na mvua ikinyesha wanasaidiana kuvuta turubai. Sahani ya Benedicta bado inafunikwa kwa sahani nyingine, ile iliyomeguka. Kawa la Bi Mize liko ndani ya kibanda cha Sinyati, limetundikwa juu kabisa ya ukuta wa bati. Kumpa Mama Edgar hawezi, kulirudisha hajui kwa nani, na Pemba hajawahi kufika.

Watalii huliona. Ni zuri, linaita. Wanalinyooshea kidole, wanauliza bei.

Sinyati huwaambia kwamba hilo haliuzwi, si lake, mama mmoja alimsukia binti yake. Anasema bila kutazama chini, bila kushusha sauti, kwa Kiingereza kibovu kuliko alichokuwa nacho zamani. Katika kibanda cha pili Benedicta huacha anachokifanya.

Na mtalii hutabasamu, anaingiza mkono mfukoni.